Mada ya Machi inanigombanisha na wifi yangu

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Mtwara mjini. Safu yako naifuata siku nyingi na leo zamu yangu imefika. Jambo langu linahusu vitabu, kwa hiyo wengine wataliona dogo, lakini limeshaingia ndani ya ukoo na linaninyima usingizi.

Hapa Shangani tuna kikundi cha kusoma. Alikianzisha mwalimu mmoja mstaafu, sote tunamwita Mwalimu tu, na tunakutana barazani kwake Jumamosi moja ya kila mwezi baada ya alasiri. Tumo watu wa kila namna: wauguzi, walimu, karani wa AMCOS (ushirika wa wakulima), kijana wa bajaji, wanafunzi wa chuo, na mama mmoja anayekaanga samaki pale Feri. Kila mwaka tunajiwekea changamoto ya kusoma yenye mada kumi na mbili, kila mwezi na mada yake. Hatulazimishani kitabu kimoja. Mada ikiwa safari, kila mtu anatafuta kitabu chake kinachogusa safari, anakisoma, halafu anakuja kutusimulia. Tulianza utaratibu huo kwa sababu kupata nakala kumi na tano za kitabu kimoja huku kwetu ni kazi. Ukiagiza Dar vinaletwa na basi, na barabara ikikatika, kama ilivyokatika kule Somanga Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, mzigo unalala njiani. Kwa mada, mwenye kitabu cha maktaba ya mkoa anakuja nacho, mwenye kile alichosomea sekondari anakuja na hicho hicho.

Miaka yote mada amekuwa akichagua Mwalimu. Ana daftari lake la kaunta, kalipiga mistari kwa rula, miezi upande mmoja na majina yetu juu, na anayemaliza anawekewa tiki kwa kalamu ya kijani. Mwaka huu macho yamemsumbua, ana mtoto wa jicho. Akaniita akanikabidhi daftari. Akasema, "Katibu ni wewe, orodha ya mwaka ujao andika wewe. Nimependekeza tu, usinifuate kwa kuniogopa." Nilipolifungua nikakuta ukurasa wa mwaka ujao keshaujaza kwa penseli: Ukoloni, Majimaji, Msiba, Utumwa, Njaa, Rushwa, na hivyo hivyo mpaka Desemba.

Vijana hawaitaki. Huyu wa bajaji alipata orodha ya Kiingereza akatutafsiria: kitabu chenye jalada la buluu, kitabu kilichotoka mwaka uliozaliwa, kitabu chenye theluji ndani yake, kitabu cha mwandishi wa nchi usiyowahi kufika. Wenzake walichangamka sana. Wanasema mada nzito ndizo zilizowafukuza watu, na msimu wa korosho ulipofika kila mtu akapata sababu ya kutokuja. Ni kweli baraza limepwaya tangu Septemba. Yule mama wa Feri naye aliniambia pembeni kwamba visanduku vyake vingi havina tiki na anaona aibu kukaa karibu na daftari. Anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na kurasa zake zina madoa ya mafuta, lakini akianza kusimulia baraza zima linatulia.

Hayo ningeyamudu. Linalonishinda ni mada ya Machi, Msiba.

Kaka yangu alifariki Machi ya mwaka huu. Aliugua muda mfupi tu. Mke wake, wifi yangu, yumo kikundini, na kaka ndiye aliyemleta. Eda ameshamaliza na taratibu akarudi barazani. Mimi nilipoona Mwalimu kaandika Msiba nilijisikia nafuu, Shangazi, Mungu anisamehe. Nyumbani kwetu jina la kaka halitajwi. Mama akilisikia analia, basi tumenyamaza wote. Baada ya arubaini nguo zake ziligawiwa, picha yake ikahamishiwa chumba cha ndani, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilitamani mwezi mmoja tu wa kusoma habari hizi na kuzisikia zikizungumzwa kwa sauti.

Nilimwambia wifi mapema, kwa kumheshimu. Alikaa kimya, kisha akasema: "Wifi, mkiweka hiyo mwezi huo siji, na pengine sirudi tena. Nikikaa pale wakaanza habari za wajane na wafiwa, macho yote yatakuwa kwangu." Tangu hapo salamu zetu ni za juu juu. Mama kasikia, kaniambia nataka kufukua kaburi. Rafiki yangu muuguzi yeye anasema nisimdekeze wifi, mada ni ya kikundi, haiwezi kufutwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Orodha inasomwa Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Nikiitoa Msiba, nitakuwa nimemnyamazisha kaka mara ya pili. Nikiiacha, nampoteza wifi, na wanawe ndio damu ya kaka iliyobaki. Au nichukue orodha ya vijana tuachane na yote? Au nimrudishie Mwalimu daftari lake? Nisaidie.

Katibu, Mtwara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba wa kaka yako.

Naanzia hapo kwa sababu katika barua yako yote sikuona mahali ambapo mtu amekupa pole wewe. Wifi yako amepewa, na ni haki yake. Mama yako analindwa, watu wanakwepa hata jina. Dada wa marehemu ndiye anayepokea wageni, anayepika, anayehakikisha sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, na wageni wakishaondoka anadhaniwa naye keshamaliza. Wewe hujamaliza. Umekaa karibu mwaka mzima na kaka ambaye huruhusiwi kumtaja, halafu neno lake ukalikuta limeandikwa kwenye daftari kwa mkono wa mtu unayemheshimu. Sishangai ulijisikia nafuu, na sioni la kuombea msamaha hapo.

Unavyoniambia, umepewa kalamu ya kuandika orodha ya watu wengi, na orodha hiyo inavutwa huku na huku. Mwalimu anataka mambo mazito, vijana wanataka mchezo, mama wa Feri anataka asiaibike, na katikati yenu kuna neno moja la Machi ambalo wewe unalihitaji na wifi yako analikimbia. Umelipanga jambo kana kwamba lina njia mbili, neno likae au litoke, na kila njia inamwumiza mtu unayempenda. Kabla sijakubaliana na mpangilio huo nataka tuyasome tena maneno ya wifi yako, kama ulivyoyaandika mwenyewe.

Hakusema hataki kusoma habari za kifo. Wala hakusema kaka yako asitajwe. Alisema macho yote yatakuwa kwake. Wewe unajua mjane anavyoangaliwa huku kwetu pwani. Akicheka mapema wanasema, akikonda wanasema, akivaa gauni jipya Idi wanasema, akisindikizwa na shemeji mpaka mlangoni ndiyo kabisa. Huenda barazani kwa Mwalimu ndipo mahali pekee pa mwezi mzima ambapo anakaa na kitabu mkononi na hakuna anayempima huzuni yake. Na huenda usiku, watoto wakishalala, anasoma mambo yale yale unayoyatafuta wewe. Sijui. Nawe hujui bado, kwa sababu mlipozungumza mlikuwa mnazungumzia orodha.

Ndiyo maana nasita kumfuata rafiki yako muuguzi, ingawa ana hoja. Ni kweli kikundi kikianza kufuta kila kinachomgusa mtu, hakitabaki na cha kusoma, maana hakuna kitabu chenye uhai ambacho hakimgusi mtu mahali. Mmoja atasema Njaa inamkumbusha utoto wake, mwingine atakataa Rushwa kwa kuwa shemeji yake yuko mahakamani. Hilo ni la kuliogopa. Lakini wifi yako hakuomba mada ifutwe. Alikuambia yeye atafanya nini ikikaa. Ukimsikia kama mtu anayekutolea amri utamjibu kwa ukali, na kumbe alikuwa anakuomba umlinde.

Wewe nawe nikuulize jambo, kwa upole. Unasema kuitoa mada ni kumnyamazisha kaka mara ya pili. Je, Jumamosi moja ya Machi inaweza kuubeba mzigo wote uliouweka juu yake? Hebu iwaze siku yenyewe. Mwalimu wa sekondari anachambua tanzia kwa mtindo wa darasani. Mwanafunzi wa chuo hajamaliza kitabu, anasoma nyuma ya jalada. Karani wa AMCOS kaleta hadithi ya mtu aliyekufa katika ukurasa wa kwanza na iliyobaki yote ni upelelezi. Saa kumi na mbili jua linazama, watu wanakunja mkeka, na jina la kaka yako hakuna aliyelitaja, kwa sababu wote wanakuogopa na wewe pia. Ungerudi nyumbani mpweke kuliko ulivyokwenda. Sisemi itakuwa hivyo. Inaweza pia kuwa siku njema kuliko zote za mwaka. Ninachosema ni kwamba mada huwaambia watu wasome nini, haiwezi kuwaamuru wakufariji. Kufarijiwa kuna mahali pake pengine, na nitakuja huko.

Sasa tuje kwenye orodha yenyewe, maana naipenda kazi mliyoianza na nisingependa ifie kwenye neno moja.

Mada ina upana wake. Ukiandika Msiba, umemwekea kila mtu kitu kimoja mbele yake na hana pa kugeukia. Ukiandika "kitabu ambacho ndani yake kuna mtu anaondoka", mmoja atasoma habari za kijana aliyekimbilia Dar, mwingine ya mke aliyeachika, mwingine ya mabaharia, na wewe utasoma ile unayoitaka. Au "kitabu chenye nyumba iliyobadilika". Au "kitabu chenye barua". Wifi yako atachagua mwenyewe asimame umbali gani, na hakuna atakayejua kwa nini kachagua alichochagua. Hapo ndipo penye uzuri wa utaratibu wenu wa mada kuliko wa kitabu kimoja. Nyinyi mliuanzisha kwa sababu ya mabasi na nakala chache, na kumbe una faida hii nyingine ya kumwachia mtu nafasi.

Una hatari zake, nisikufiche. Mada ikipanuliwa mno inakuwa haina kitu. Watu watachukua chepesi kilicho karibu, watu kumi na wawili wataleta vitabu kumi na viwili visivyosemezana, na wewe utakaa na kitabu chako cha kifo mapajani ukijiona ni wewe tu uliyelichukulia jambo kwa uzito. Mwalimu anaweza kuona mmelainisha kazi yake. Na wifi yako si mtoto, anaweza kuliona neno lile lile limevishwa nguo nyingine, akakasirika zaidi kwa kuzungukwa.

Unaweza pia kuiacha Msiba kama ilivyo ila ukaihamisha, iende Julai au Agosti, na Machi ukauacha mwezi huru, kila mtu asome atakacho. Mwaka wa kwanza wa kifo ukitimia ni siku nzito, na hakuna anayelazimika kuutimiza mbele za watu. Lakini alichokisema wifi kuhusu macho hakina mwezi. Na kuihamisha bila kumuuliza ni kumwamulia.

Vikundi vingine huweka mada mbili kila mwezi, moja nzito na moja nyepesi, mtu akachagua. Ningekuwa mgeni kwenu ningekushauri hivyo haraka. Kwa hali yenu naona mtego: atakayechukua nyepesi mwezi wa Machi atajulikana kwa nini, na tumerudi kwenye yale macho. Tena wazee wataketi upande mmoja na vijana upande mwingine, baraza moja lenye vikundi viwili.

Umeniuliza kama uichukue orodha ya vijana muachane na yote. Orodha za namna hiyo nimeziona. Mojawapo inayojulikana sana ni ya Book Riot, tovuti ya vitabu ya Marekani, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa na vipengele 24, na shabaha yake ilikuwa kumtoa msomaji kwenye mazoea, asome waandishi na aina za vitabu ambazo kwa kawaida angezipita. Aliyezungukwa na maduka ya vitabu anahitaji kusukumwa hivyo. Mtwara mtu anasoma kinachopatikana, na mara nyingi kinachopatikana hakifanani na alichokizoea, hivyo anasukumwa hata asipotaka. Kwa hiyo baadhi ya vipengele vitakaa vizuri kwenu na vingine vitagoma. Theluji itawatesa. Vitabu vya Kiswahili vyenye theluji ni vya kutafuta kwa tochi, na msiojisikia vizuri na Kiingereza mtabaki nje. Kijana wako akibadilisha ikawa mvua, huko Kusini ambako mvua zinaanza karibu na mwisho wa mwaka zikaenda mpaka Aprili, kila mtu ana la kusoma na la kusema.

Mwaka wa kuzaliwa, kwa upande mwingine, ni mada tamu kwa watu wazima. Aliyezaliwa 1969 atakutana na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Wa 1971 atakutana na Rosa Mistika ya Kezilahabi, kitabu kilichopigwa marufuku kwa muda na baadaye kikaja kusomwa hata mashuleni, na hapo tu mna mazungumzo ya jioni nzima. Vijana waliozaliwa baada ya 2000 ndio watakaohangaika, kwa sababu vitabu vya miaka yao maktaba haina vingi, vitawadai fedha. Waambie mapema. Nchi usiyowahi kufika inawezekana kwa Kiswahili pia, maana tafsiri zipo. Na kama kuna anayetaka kusoma cha mshindi wa Nobel ya mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah, riwaya yake moja ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi.

Jalada la buluu nisingelicheka. Mada hiyo haimwulizi mtu kasoma mpaka darasa la ngapi. Mama wa Feri anaweza kuingia maktaba, akanyoosha kidole, akaondoka na kitabu kwa haki sawa na mwalimu wa fasihi. Hatari ya orodha nzima ya namna hiyo ni kwamba mwaka unaweza kupita mmecheza vizuri na hamkugusa kitu. Na kwako wewe binafsi ingekuwa njia ya kukimbia. Msiba ungeondoka kimyakimya, wifi angerudi, na lile lililo kati yenu lingebaki palepale bila jina. Pengine ndicho unachokihitaji kwa sasa. Watu wengine wanahitaji mwaka wa jalada la buluu. Wewe utajijua.

Orodha ya Mwalimu nayo msiitupe kwa kuwa ni nzito. Majimaji kwenu si somo la mtihani. Vita vile vilianza mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa, na wapo kati yenu ambao bibi zao walisimuliwa na waliokuwepo. Ningekuwa na sauti katika kikundi chenu ningeitetea mada hiyo. Kilichowachosha watu naona ni mpangilio: Ukoloni, Majimaji, Msiba, Utumwa, mfululizo, bila mwezi wa kuvuta pumzi. Neno lile lile zito likija baada ya mwezi wa hadithi za mapenzi au za upelelezi linapokelewa tofauti. Halafu kuna kalenda ya maisha yenu wenyewe. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi iangalie kwanza itaangukia wapi kabla hujapanga. Oktoba minada ya korosho ikishaanza, karani wenu yuko ghalani mpaka usiku, na huwezi kumdai riwaya ya kurasa 300. Miezi hiyo wapeni mashairi, hadithi fupi, hata ngano moja aliyoisikia mtu kwa bibi yake huko Newala akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ya mwisho ni ya kuangaliwa pia, kuna watakaosema mtu kasikiliza tu, hajasoma.

Na daftari. Naliheshimu daftari la Mwalimu, mkono uliopiga mistari ile umewafikisha mlipo. Lakini mtu anayelituliza baraza zima akisimulia ndiye huyo huyo anayeona aibu kukaa karibu nalo. Sioni jinsi mada yoyote itakavyoliponya hilo, hata ungechagua kumi na mbili bora duniani. Zungumzeni kama tiki lazima iwe ya kitabu kizima, au kama hadithi moja iliyosomwa vizuri na kusimuliwa vizuri inatosha. Kuna watakaosema mnashusha kiwango, na wana hoja yao. Wasikilizeni nao.

Ipo pia njia ya kura: kila mmoja aandike mada yake, mtie kapuni, mchomoe kumi na mbili. Ni haki, na ingekutua mzigo mabegani. Ila kapu nalo linaweza kutoa Msiba, likaupeleka Machi, na safari hii wewe hutakuwa na lawama lakini wifi yako atakuwa na machozi yale yale.

Kuhusu kumrudishia Mwalimu daftari, unaweza, na si aibu. Kabla ya hapo nenda kwake kwa jambo jingine. Hukuniambia kama ulimuuliza kwa nini aliandika Msiba, na kwa nini Machi. Alimfahamu kaka yako, kama kaka ndiye aliyemleta mkewe barazani. Inawezekana lilijiandikia tu. Inawezekana mzee anayaona macho yake yanafifia na anataka kulizungumza lake. Inawezekana pia alikuona wewe umenyamaza mwaka mzima. Tiki anaziweka kwa wino, mada hizi kaziweka kwa penseli, nami hilo nimelitazama sana. Muulize, kisha umweleze alichosema wifi, bila kumshtaki. Jibu lake huenda likabadilisha unavyoliona neno lile.

Halafu wifi. Nenda kwake mwenyewe, usipitie kwa mama wala usimwandikie kwenye simu. Usianze na orodha. Mwambie ulichoniambia mimi: kwamba nyumbani jina halitajwi, picha imeingizwa ndani, na kwamba unamkumbuka kaka na huna wa kumwambia. Nina wasiwasi yeye anadhani mada ile ni ya kumzungumzia yeye, na hajui kwamba ulikuwa unajitafutia pa kulilia. Unaweza kusema hivi: "Wifi, sikutaka wakuangalie wewe. Nilitaka mahali nimtaje kaka." Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kulia. Anaweza kukuambia bado, na bado yake uipokee. Anaweza kukushangaza akakuambia naye hana wa kumtajia. Hapo nyinyi wawili mnaweza kusoma kitabu kimoja kimyakimya mwezi huo, nje ya daftari, nje ya baraza, na mada ya kikundi ikawa chochote kile. Au msisome kabisa, mkakaa na watoto mkawasimulia baba yao alivyokuwa. Watoto nao, mwanangu, wamo ndani ya ukimya huo wa nyumba yenu, na wao hawana hata orodha ya kuombea nafasi.

Mama yako usimjibu kwa lile neno la kaburi. Ni neno la mzazi mwenye maumivu. Mwache kwanza.

Na kama Jumamosi ya mwisho ya Desemba itafika hujapata jibu, hakuna sheria inayosema lazima usome miezi yote kumi na miwili kwa siku moja. Unaweza kusoma ya Januari na Februari ukawaambia iliyobaki inaendelea kuzungumzwa. Vijana watanung'unika kuwa unachelewesha, na karani atataka kujua aagize nini Dar kabla mvua hazijaharibu barabara, kwa hiyo usikae nayo muda mrefu.

Nisalimie Mwalimu. Mwambie mtoto wa jicho anapasuliwa na watu wanarudi kusoma, asijikalie tu kwa kuwa umri umekwenda. Mkiweza mpelekeni kwa daktari wa macho. Na ukishaonana na wifi yako niandikie, hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka.